Tao Lisilo na Mlango

Mabibi na mabwana mlioketi baraza hii, wazee mliotutangulia kwa umri na kwa hekima, nawaamkia kwa heshima na kuwaomba masikio yenu. Mgeni afikapo mjini kwetu Chemkeni hushangaa. Jumba la maduka lililo mbele ya chemchemi ya maji moto lina roshani za mbao, nakshi za chokaa na safu ya matao, na kila tao lina mlango wa mninga isipokuwa lile la katikati. Hapo hapana ubao wala komeo. Hata hivyo kila mwanamume apitaye husimama, huinamisha macho, akabisha hodi. Sikilizeni asili yake.

Zamani jumba hilo halikuwapo. Maji yalibubujika mahali pa wazi, na kila mzazi, awe mke wa tajiri au wa mchukuzi, aliletwa na mkunga akandwe kwa maji yale mpaka arobaini yake itimie. Ndipo akaja Bwana Shekue, mfanyabiashara wa nguo, akapewa kiwanja na wakubwa wa siku zile. Alijenga kwa fahari, hilo hatumnyimi; mafundi wake waliichonga chokaa mbichi ikawa maua na nyota. Lakini jumba lilipopanda liliziba njia ya maji, likabaki tao la katikati tu, likingoja mlango. Bwana Shekue akatangaza kwamba mlango ukishatiwa, atakayetaka maji atayafikia kwa ruhusa yake.

Wazee wa mji walinung'unika, wakaishia hapo. Bi Mwanahija, mkunga, hakunung'unika. Asubuhi ya kutia mlango alimleta Mwanamvua, aliyejifungua juzi yake, akamketisha chini ya tao lile lile, akatundika kanga mbele na nyuma, akaanza kumkanda. Mafundi walipoziona kanga waliweka zana chini wakageuza nyuso, kwa kuwa mwanamume hapiti mahali anapokandwa mzazi. Adhuhuri akaletwa mzazi mwingine, na alasiri mwingine. Chokaa ikakauka karaini.

Bwana Shekue akaja mwenyewe, fimbo mkononi. Alipofika penye kanga akasita. Alikuwa mtu wa ghadhabu, lakini naye alizaliwa na mama aliyekandwa kwa maji yale yale. Watu wakamsikia akisema kwa sauti kavu:

"Hodi."

Bi Mwanahija akaitika kutoka ndani, bila haraka. "Karibu, mgeni. Ila ngoja huko huko nje, bado tunakanda."

"Bibi, hapa ni kwangu."

"Kwako, baba? Tangu lini mwenye nyumba akabisha hodi kwake?"

Kicheko kilianzia kwa wachukuzi, kikaenea. Fundi Vuai, msimamizi wa ujenzi, alikung'uta mwiko wake akasema kwamba hawezi kutia mlango mahali ambapo tajiri wake amekwisha kuitwa mgeni. Bwana Shekue akaenda zake, na ule mlango wa mninga ukaegemea ukutani hadi ukapinda. Nayo chokaa ya mwisho Fundi Vuai aliifinyanga juu ya tao kwa mfano wa mikunjo ya kanga zilizotundikwa. Ndiyo nakshi muionayo leo.

Na tangu siku hiyo maji ya Chemkeni hayana bawabu. Wamekuja wamiliki wengine, kila mmoja na mlango wake mpya, na kila mmoja amekuta mzazi amekwisha ketishwa.

Aliyenisimulia haya kwanza ni Bi Mwantumu binti Mwanamvua, ambaye siku ile alikuwa kichanga, amelala chini ya tao, mapajani mwa mama yake.