Kofia Moja na Miji Mitatu

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale kwao, maana kisa hiki si cha kusinzilia. Mimi mwenyewe kila nikikisimulia damu hunichemka.

Palikuwa na mama mmoja mjini Kitangani, jina lake Bi Mwanatumu, mshona kofia. Na nikisema kofia msifikirie hizi za mashine. Kofia za mkono, zile za kutoboa vitundu vidogo kimoja kimoja na kuvizungushia uzi, miezi na miezi mpaka moja iishe. Alimshonea mumewe, Mzee Famau, na msikitini watu walimjua Mzee Famau kwa kofia kabla hawajamwona uso.

Walijaliwa watoto watatu. Wote waliondoka Kitangani wakaenda kuishi miji mingine midogo ya pwani, na kila mmoja aliuona mji wake ndio mji, mingine ni vituo vya kupumzikia tu.

Shee, mkubwa wao, alikaa Kivumoni, mji wa salamu. Kivumoni hupiti uchochoro bila kuulizwa umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, na jana magharibi ulikuwa unakwenda wapi na lile kapu.

Mwanakheri, wa kati, aliolewa Mtondooni na bwana mmoja mpole aitwaye Mbwarali. Mtondooni ni mji wa vyungu. Kila alasiri sahani zinavuka njia zimefunikwa kawa, na sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiirudisha tupu utasemwa mpaka wajukuu zako.

Bwanaadi, kitinda mimba, alihamia Makumbini. Huko nyumba ni chache na watu hawana maneno. Ukitaka kukaa na nafsi yako, unaachwa ukae.

Basi Mzee Famau akafa. Bi Mwanatumu akaingia eda, akakaa ndani kama inavyotakiwa. Na hapo ndipo watoto wake walipofanya walilolifanya.

Alikuja mtu anataka kununua nyumba. Mama yuko ndani, wao barazani, na pazia tu katikati. Shee akasema, "Tuiuze. Mama hawezi kukaa humu peke yake." Mwanakheri akaingia mpaka kwenye pazia, akauliza, "Mama, nyumba tunaiuza, utakuja kukaa na sisi. Umeridhia?" Mama hakujibu. Amefiwa, jamani! Ulimi wenyewe ulikuwa mzito kinywani. Bwanaadi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akarudi barazani akawaambia watu, "Amenyamaza. Amekubali."

Mnajua waliitoa wapi hiyo? Kwenye ndoa! Mwari akiulizwa kama anamtaka bwana, akanyamaza, huhesabiwa ameridhia, kwa sababu anaona haya kusema. Wakamfanya mama yao, mwenye mvi kichwa kizima, kuwa mwari wa kuozwa! Na kuozwa kwa nani? Kwa miji yao.

Bi Mwanatumu alisikia kila neno nyuma ya lile pazia. Alijiambia atasema eda ikiisha. Eda ikaisha, akatoka, akakuta mtu asiyemjua anapima madirisha yake. Neno alilokuwa ameliandaa likapotelea hapo hapo, na hakusema tena. Chakula akawa anakidonoa tu. Sindano hakuigusa. Watoto wakaingiwa na hofu, wakaanza kumzungusha mji hadi mji kama jamvi la msiba.

Alianza Kivumoni kwa Shee. Akawekewa kiti mlangoni, na Kivumoni wote wakamwamkia. Asiyejibu huko haachwi, anaonekana anadaiwa jibu. Alikuwako muuza kahawa mmoja, Mzee Dumila, mtu king'ang'anizi kupita kiasi. Kila asubuhi anasimama na birika lake: "Bi mkubwa, umeamkaje?" Kimya. Kesho yake yuko pale pale: "Bi mkubwa, umeamkaje?" Hata siku moja Bi Mwanatumu akashindwa kuvumilia, akapasuka: "Nimeamka vibaya! Umefurahi sasa? Hebu niondokee hapa!" Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Shee akatoka ndani analia, akambusu mama yake mkono. Na tangu siku hiyo sauti yake haikupotea tena.

Lakini kula alikuwa bado hali, na mwili ulikuwa unakwisha. Mwanakheri akaja kumchukua, akampeleka Mtondooni.

Mwanakheri hakumbembeleza hata tonge moja. Alichofanya ni kuwaambia majirani, "Mgeni wangu ni Mama, sahani zake mleteeni mwenyewe mkononi." Zikaja. Huyu kaleta mkate wa kumimina, yule kaleta samaki wa kupaka, wa tatu mbaazi za nazi. Bi Mwanatumu akazitazama zile sahani na moyo ukamwaka. Wanamtafuta nini watu hawa? Lakini alikuwa mwanamke wa pwani, kurudisha sahani tupu hawezi, afadhali afe. Akaenda jikoni akapika. Na mpishi lazima aonje chumvi. Akaonja leo, akaonja kesho, siku moja akajikuta amekaa chini na sahani yake mwenyewe, anakula, na jasho linamtoka kwa pilipili. Mwanakheri alikuwa anamchungulia dirishani, mkono mdomoni, asimshtue.

Ikawa anasema na anakula, ila mikono yake imelala mapajani. Zile kelele na zile sahani zikaanza kumchosha. Bwanaadi akaja kwa zamu yake, wakaenda Makumbini.

Bwanaadi alimpa chumba chenye dirisha la kuingiza mwanga mwingi. Mezani akaweka kitambaa cheupe, uzi na sindano, akatoka zake. Hakuuliza, "Mama, utashona?" Na Makumbini nzima hakuna aliyeuliza. Watu walipita, wakatoa salamu moja fupi, wakaenda. Vile vitu vikakaa pale mezani mpaka vikaanza kupata vumbi. Asubuhi moja Bi Mwanatumu akapangusa vumbi, na alipokwisha kupangusa, sindano ilikuwa tayari mkononi mwake.

Kofia ikakamilika karibu na Idi. Ilikuwa nzuri, msiniulize nzuri kiasi gani. Hakumpima mtu yeyote. Mikono yake ilikuwa inakijua kichwa kimoja tu.

Siku ya Idi, asubuhi, watoto wote walikutana Makumbini, na Mbwarali akiwa amefuatana na mkewe. Wakashika kofia wakaijaribu. Ikamkaa Shee. Ikamkaa Bwanaadi. Ikamkaa hata Mbwarali, ambaye si damu yao! Bi Mwanatumu akasema, "Nimechoka kuhamishwahamishwa. Kabla ya swala nitamvisha mmoja wenu kofia hii. Kwake ndiko nitakakokaa mpaka nife, na maneno ya kwenda na kurudi yaishe."

Lo! Ungewasikia.

"Kwangu ndiko ulikopata ulimi, Mama," akasema Shee. "Ungesemaje leo bila Kivumoni? Au unataka kukaa hapa Makumbini, ambako mtu akifa, jirani anajua kwa harufu?"

"Afadhali hapa!" Bwanaadi akamrukia. "Kivumoni mtu akipiga chafya chumbani kwake, mtaa mzima unamwombea afya!"

"Ulimi na mikono vinafanya kazi kwa upepo?" akasema Mwanakheri. "Mtondooni ndiko alikokula. Kofia ni ya mume wangu."

"Mtondooni kwa maji ya chumvi? Na wale mbu?" akadakia Shee.

Mbwarali peke yake aliinamisha kichwa, mkwe wa watu, anaona haya kwa niaba yao. Bi Mwanatumu akawasikiliza, na hasira ikampanda taratibu kutoka miguuni. Hizi sauti alikwisha kuzisikia. Alizisikia nyuma ya pazia.

"Nyamazeni!" akasema. "Mnainadi miji yenu kama mlivyoinadi nyumba yangu. Sasa niambieni. Nani alisema kimya changu ni ridhaa?"

Msikitini takbira zilikuwa zimeanza.

"Mimi nilisema tuuze," akasema Shee, macho chini. "Lakini nililetewa jibu kwamba umekubali."

"Mimi niliuliza tu, Mama," akasema Mwanakheri, machozi yanamtoka. "Sikusema umekubali."

"Na mimi nilisema nilichokiona," akasema Bwanaadi. "Ulinyamaza."

Basi, ndivyo walivyo. Kila mmoja alimponya mama yake theluthi, na kila mmoja alimvunja theluthi. Wakapiga magoti mbele yake wote watatu, na Mbwarali nyuma yao, wanaume vichwa wazi, na swala inakaribia.

"Tusamehe, Mama," akasema Shee. "Tuambie basi. Ni nani?"

Bi Mwanatumu aliinua kofia kwa mikono miwili. Akawatazama mmoja mmoja. Akanyamaza.

Na safari hii hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema kimya kile kina maana gani.

Haya, mimi nimefika hapo, mbele sivuki. Ni zamu yenu. Kofia ni moja. Yuko aliyemrudishia ulimi, yuko aliyemrudishia tonge, yuko aliyemrudishia mikono. Na ndio hao hao waliouza nyumba yake naye yumo ndani. Je, wewe ungekuwa Bi Mwanatumu, kofia ungemvisha nani, na ungekaa mji gani? Au usingemvisha mtu?

Semeni, nawasikiliza. Na msininyamazie, maana kimya chenu sikihesabu kuwa ni jibu.