Kilemba Kilichoitwa Barazani

Hapo zamani, watu walipokuwa wakinywa maji ya kisima wala hawajui bomba, mji wa Mtangale ulikuwa na visima saba, sita vya maji ya chumvi na kimoja tu cha maji matamu. Hicho kimoja kilikuwa mali ya Sultani Haidari, ila tangu enzi za babu yake watu walijitekea wapendavyo, wala hapakuwa na aliyeulizwa.

Basi siku moja Sultani akafungua sanduku, akakuta kilemba alichotawazwa nacho kimeingia manjano. Akaona uchungu kama aliyefiwa. Akamwita kadhi, akasema, "Andika. Kisima kile nakiweka wakfu kwa kilemba changu. Maji yake yakifue kila asubuhi mpaka siku ya kiyama, na asinywe mtu. Tena andika kwamba tangu leo mimi sina changu humo, wala wanangu, wala wajukuu zangu, ili watu wajue nimetoa kweli."

Usimamizi akapewa Shekuwe, fukara asiye na mbele wala nyuma, ambaye mdomo wake ulikuwa umemchosha Sultani siku nyingi. Akaambiwa, "Likipotea tone, na kichwa chako kimepotea."

Shekuwe akafua kilemba siku tatu. Siku ya nne akaja jirani yake, Mwana Esha, na mtungi mtupu kichwani na mtoto mgongoni. "Kaka Shekuwe, mwanangu hajakojoa tangu jana." Loo! Shekuwe aliogopa, tena sana, lakini akamtekea. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshateka.

Ikawa kesho yake alfajiri akakamatwa, akafikishwa barazani, na mwenye upanga kasimama mlangoni.

"Shehe Kadhi," akauliza Shekuwe, "ni nani anidaiye?"

"Mimi!" akanguruma Sultani.

Kadhi akafunua hati, akakohoa. Alikuwa mtu wa kanuni, na kesi isiyo na mdai hakupata kuisikiliza, hata ya mkwewe. "Maulana, hapa umesema huna chako humo."

"Basi ni mali ya kilemba!"

"Ndivyo," akasema Shekuwe. "Kiitwe, kije kinidai. Kikinishinda, nikatwe kichwa."

Kilemba kikaletwa juu ya sinia, kikawekwa mkekani. Kadhi akakiuliza mara tatu, kwa sauti yake ya kazi, "Ewe Kilemba, una dai gani juu ya Shekuwe?" Nzi akatua juu yake, kisha akaondoka.

"Labda kinaona haya," akasema Sultani.

"Huenda, Maulana. Hata mwari huona haya siku ya kuozwa, naye akiulizwa akanyamaza, kadhi huandika kuwa ameridhia. Naomba na hiki kiandikiwe vivyo hivyo."

Kadhi akachovya kalamu, akaandika kwamba kilemba kimeulizwa na kimeridhia. Akasema, "Kesi imekwisha. Na wakfu usio na mtu wa kuudai hausimami, kwa hiyo kisima kimerudi kwako, Maulana."

Watu wakashikwa na baridi, maana sasa angeweza kukifunga siku hiyo hiyo. Sultani akakitazama kilemba, akawatazama wanawake waliojaa mlangoni na mitungi yao mitupu.

"Nikitaka usimame," akauliza, "niuandike kwa nani?"

"Kwa mwenye kinywa, Maulana," akajibu Shekuwe.

Sultani akaangua kicheko hata machozi yakamtoka. Akaamuru kisima kiandikwe kuwa cha wanawake wa Mtangale na watoto wao, naye Shekuwe abaki msimamizi, kwa pishi nne za mchele kila mwezi.

Wino haujakauka, Mwana Esha akajipenyeza mpaka mbele. "Maulana, kamba ya kisima imelika, ndoo inavuja, na huyo msimamizi wako tangu asubuhi hajaonekana kisimani!"

Kadhi akavuta karatasi mpya.

"Shekuwe," akasema, "simama. Mdai wako amekuja."