Bomba la Gari la Wifi

Mbaruku, tajiri wa vipuri pale Tanga, alimuuzia fundi Chausiku bomba la kuvutia hewa la gari lake, akaapa kuwa ni orijino. Siku ya tatu chujio lake likapasuka, injini ikaanza kumeza vumbi.

"Nibadilishie," akasema Chausiku.

"Soma ukutani, bibi. Mali ikiuzwa haibadilishwi."

Kesho yake Chausiku akarudi, ametulia kama maji mtungini. "Bosi, nina Subaru nyingine gereji, kama yangu. Nichagulie bomba."

Mbaruku akashusha jingine linalong'aa vilevile. "Hili. Orijino."

"Haya. Wifi atafurahi."

"Wifi yupi?"

"Mkeo. Si gari lake?"

Mbaruku akamnyang'anya bomba. "Lete hapa! Unataka kuniulia injini?" Akainama chini ya kaunta, akatoa jingine ndani ya boksi. "Kafunge hili. Pesa ya nini, gari la nyumbani hilo!"

Mchana alipokwenda nyumbani kula, akaikuta Subaru ya mkewe uani, kanga zimeanikwa juu ya boneti.

"Limesharudi kutoka gereji?"

"Gereji gani? Halijatoka hapa tangu juzi," mkewe akajibu, akimkabidhi bomba lililojaa vumbi. "Ila fundi Chausiku kapita, kaleta hili. Anasema ahsante kwa kumbadilishia."