Kanga, Ngiri na Unga wa Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo sauti hiyo? Mmekula au mmelala njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nasikia watu. Haya nitakayosema sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu nalo lingeona. Hapo kale, kale ya zamani, wanyama walikuwa na soko lao kando ya mto. Mkuu wa soko alikuwa Ngiri. Na sheria ya Ngiri ilikuwa hii: kila pakiti iandikwe vibaba. Ukipenda, ongeza gramu pembeni. Lakini gramu peke yake? Marufuku!

Kanga alikuwa akiuza unga wa mtama. Alitwanga, twa! twa! twa! Akapepeta, akafunga pakiti, akaandika vibaba. Wanyama wa sokoni walikuwa na unga wao, hawakununua. Siku moja Korongo wakatua kutoka ng'ambo, pu! pu! pu!

"Mama Vifaranga, unga wako mzuri. Lakini kwetu pakiti yenye neno kibaba haipiti langoni. Andika gramu tu, tutabeba wote."

Kanga akatazama juu. Wingu jeusi. Mvua ikinyesha, unga utaota ukungu, na vifaranga watakula nini? Akakimbia kwa Ngiri, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Unakimbizwa na nani?"

"Na mvua. Naomba ruhusa niandike gramu peke yake."

Ngiri akachimba ardhi kwa pembe. Soko zima likakusanyika.

"Mmemsikia? Leo gramu, kesho kibaba cha babu zetu tukizike! Tuwaambie watoto nini? Haba na haba hujaza gramu mia tano?"

Wakacheka, kwa kwa kwa! Kanga naye akacheka, maana ilichekesha.

"Sijasema mkiache kibaba, baba. Anayetaka kibaba, kibaba. Anayetaka gramu, gramu. Kila mtu kwa hiari yake."

Nyani akaruka mbele. "Shangazi, usituzunguke! Kibaba kina kilima juu yake. Ndiyo nyongeza yetu! Gramu ina kilima? Mizani ikisema basi, ni basi!"

"Kweli! Kweli!" Soko likanguruma. Kumbe hofu yao ilikuwa hapo. Si babu, ni nyongeza!

Kule mtoni Korongo wakaanza kukunjua mabawa. Tone la kwanza likaanguka, to!

Kanga hakubishana tena. Akachukua pakiti, akaandika gramu tupu, akampa Ngiri.

"Pokea, baba. Hizo ni za mizani." Kisha akachota unga kwa bawa, akammwagia kwato zikajaa. "Na hii ni ya mkono wangu."

Ngiri akanusa. Akalamba. Akapiga chafya, PSHAAA! Unga ukaruka, Nyani akawa mweupe kama mzimu. Soko likaanguka kwa kicheko.

"Haya!" Ngiri akasema, akijifuta. "Gramu ni hiari. Lakini nyongeza iwe lazima!"

"Aa, baba," akasema Kanga. "Hata hiyo ni hiari. Ukiilazimisha, si nyongeza tena. Ni ushuru."

Ngiri akatazama wingu. "Andika, binti. Andika upesi."

Kanga akaandika, soko zima likamsaidia kubeba. Korongo wakaondoka na unga wote, na kila mmoja akatiwa konzi moja ya unga mdomoni, ya njiani. Mvua ikashuka, ikakuta ghala tupu na vifaranga wameshiba.

Enyi wakubwa na wadogo, shikeni hili: hiari yashinda utumwa. Na ukarimu hauko kwenye kipimo, uko mkononi mwa anayepima.

Hadithi yangu imefika mwisho wa njia yake, hapa hapa. Yote ni kweli, niliyaona. Ila ile chafya ya Ngiri, hiyo nimeitia mimi.