Shahada ya Diwani Mbelwa

Alhamisi, tarehe tisa Oktoba, saa nane mchana, jeneza la Mzee Shekalaghe likiwa bado uani, Diwani Mbelwa alipiga hodi nje ya pazia la mjane, Bi Mwanahawa.

Miaka mitano nyuma, marehemu ndiye aliyempitisha Mbelwa nyumba kwa nyumba akimwombea kura. Mbelwa alipoupata udiwani, alikizungushia uzio kisima cha Mzee, akatia kufuli, akasema ni chake. Hata maiti ilioshwa kwa maji ya kuazima. Sasa uchaguzi ulibakiza wiki tatu.

"Mama, pole kwa msiba. Naomba niseme machache mbele ya watu."

"Karibu, mwanangu. Ila kwetu, msemaji humtolea marehemu shahada kwanza. Utamshuhudia vipi?"

"Alikuwa mwema!"

"Wema ni wengi. Sema hakuwahi kusema uongo, na neno lake ni neno lako. Watu watakupenda."

Mbelwa akashika kipaza sauti, akaapa hivyo mara tatu. Waombolezaji wakaitikia.

"Sheikh," Bi Mwanahawa akaita nyuma ya pazia, "sasa tusomee wasia."

Sheikh akakunjua karatasi. "Kisima nilikitoa wakfu kwa kijiji kizima. Mbelwa amekipora. Nisameheni kwa kumwombea kura."

Kisha kikongwe mmoja akanyoosha kiganja. "Diwani, si umesema neno lake ni neno lako? Lete ufunguo."

Akautoa. Siku ya uchaguzi alipata kura nne, na nyumbani kwake wapiga kura walikuwa saba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Shekalaghe, aliyemwingiza Mbelwa madarakani akiwa hai, akamtoa akiwa jenezani. Amina.