Aliyeandikiwa "Hakuna"

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, ndugu zangu, na msianze kucheka. Najua mhubiri wenu nimezunguka nchi saba, na katika zote hizo nimeshindwa hata kuzima simu yangu ibada ikiendelea. Lakini kisa hiki hakihitaji utaalamu. Kinahitaji masikio tu.

Fundi huyu aliitengenezea hospitali moja programu ya kuandikisha wagonjwa. Jina, umri, kijiji, na kisanduku kimoja kilichosema: Aleji ya dawa. Sasa, lugha aliyoiandikia programu ile ilikuwa na adabu zake. Haikumruhusu kutumia kilichomo kisandukuni mpaka aseme kwanza: kikikutwa kitupu, tufanye nini? Akijaribu kupita bila kujibu, inampigia mstari mwekundu. Swali zuri, au siyo? Wangapi kati yetu tuna rafiki wa kutuuliza hivyo kabla hatujafungua mdomo?

Mwanzoni alijibu vizuri: kikiwa kitupu, kadi isitoke. Lakini wauguzi wakalalamika. Foleni imefika getini, mashine imegoma, kisa kisanduku! Fundi akachoka kupigiwa simu. Asubuhi moja akaketi, akabadilisha jibu lake: kikiwa kitupu, andika "Hakuna". Mstari mwekundu haukutokea. Lugha iliuliza, naye amejibu. Ingejuaje kwamba amejibu uongo?

Sista mkuu, mama mtu mzima, akaichukua kadi moja akaigeuzageuza.

"Fundi, huyu hana aleji?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa, Sista?"

"Nimemwandikisha mimi, na sikumuuliza. Kwani 'hakuna' na 'sijauliza' ni ndugu?"

"Sista nawe! Wenye aleji hapa ni wangapi? Acha kadi zitoke, ukistaafu utanishukuru."

Sista akatazama foleni. Akacheka naye, akaita anayefuata.

Miezi minane ikapita salama. Fundi akasifiwa kikaoni, akapewa soda.

Kisha siku moja, fundi akiwa pale hospitalini anatengeneza printa, akaletwa mzee mmoja. Mguu umevimba, homa imempanda, hawezi kusema. Wakamwingiza haraka, wakaandika jina na umri kutoka kwenye kitambulisho chake. Kadi ikatoka. Muuguzi akaisoma kama alivyofundishwa: Aleji ya dawa, Hakuna. Akamchoma sindano ya penisilini. Robo saa haikuisha, mzee akavimba koo, na pumzi zikakatika. Walihangaika naye wote. Wakampoteza.

Mkewe alikuwa nje ya mlango, ameshika kiatu cha ule mguu uliovimba. Alipoambiwa ni dawa gani, hakupiga kelele. Alimtazama fundi, maana ndiye aliyekuwa karibu na mashine, kadi iko mkononi.

"Baba, nani aliwaambia hana?"

"Imeandikwa hapa, mama."

"Naona imeandikwa. Nani alisema?"

Fundi akaigeuza kadi upande wa pili.

"Ile dawa ilitaka kumuua mwaka juzi. Hata wajukuu wanajua. Mimi nilikuwa hapa hapa, mlangoni. Mngetoa kichwa tu, mkaniuliza."

Fundi akarudi kwenye mashine. Akalifuta lile jibu lake la uongo. Badala yake akaweka majibu matatu: Ana, Hana, Hajaulizwa. Sista akasimama nyuma yake.

"Sasa wachague wale ambao hawakuulizwa, tuwaite."

"Siwezi, Sista."

"Huwezi vipi? Si kompyuta hiyo?"

"Waliosema hawana na ambao hawakuulizwa, wote nimewaandika neno moja. Wako elfu tatu na mia nne. Hakuna wa kuwatenganisha sasa. Hata mimi."

Wakaanza kupiga simu, mmoja mmoja. Nyingine ziliita hadi zikakatika.

Ndugu zangu, mnamlaani fundi? Mimi nilianza kumlaani, nikaishiwa pumzi njiani. Sisi tunasalimiana vipi? "Habari za nyumbani, nzuri eh?" Swali tumeuliza, jibu tumetoa, tumeshavuka barabara! Jirani hajaja kuomba unga, tunasema ana unga. Binti amenyamaza tangu aolewe, tunasema ametulia. Tumeona ukimya, tukaujaza kwa mwandiko wetu, kisha tukausoma kana kwamba ni yeye aliyeandika. Kutojua si dhambi, jamani. Mungu alituumba hatujui mengi. Dhambi ni kuona pengo moyoni mwa mtu na kuliziba kwa neno linalotupunguzia foleni. Na likishazibwa, wewe mwenyewe hukumbuki tena kwamba palikuwa na pengo.

Nami sisemi kutoka juu. Kuna mzee amekaa karibu na dirisha lile. Mke wake sijamwona hapa Jumapili nne. Katibu aliponiuliza, nikamjibu bila kupepesa macho: amesafiri. Akaandika daftarini, amesafiri. Nilitoa wapi habari hiyo? Niliitunga mimi, mchungaji wenu, kwa sababu nilikuwa nawahi chai.

Baba, nakuona umeinamisha kichwa. Ibada ikiisha usiondoke. Nitakuja hapo ulipo, nikuulize, halafu ninyamaze.