Nani Ashike Jagi la Gwakisa

Mbishi na abishe sasa hivi, kabla sijaanza. Nasema simu kuukuu, kioo kimepasuka, mgongo umefungwa mpira, ilimkalisha mzee mzima kwenye kigoda getini, kijiji kizima kikimtazama, akingoja kunyweshwa maziwa yaliyochacha. Unacheka? Cheka tu. Mwishoni utatakiwa utoe hukumu, nione hiyo shule yako itakusaidia nini.

Walikuwepo watu watatu. Lwitiko, fundi simu, vidole vyake vilisikia ugonjwa wa simu kabla hajaifungua. Tusekile, asiyetupa kitu wala kukubali kubadilishiwa kitu. Ukimwambia hiki kimepitwa na wakati, anakifungia kabatini. Na Ambakisye, yule mwenye mdomo. Huyo angemshawishi mwewe alinde vifaranga, na mwewe angeshukuru kwa kupewa kazi.

Wote watatu walikuwa na kinyongo na Gwakisa, msimamizi wa kituo cha maziwa, ila cha Lwitiko ndicho kilichokuwa cha moto. Gwakisa aliwahi kusimama mbele ya kibanda chake akawaonya wateja wasimwachie simu mtu aliyeshindwa hata kumaliza shule. Lwitiko alilimeza lile neno, nalo halikushuka.

Sasa sikia. Pale kituoni kila mfugaji huandika maziwa yake kwenye programu ya simu akishakamua. Akifika getini, simu hutoa alama: kijani, pita; nyekundu, maziwa yamelala, yaani ni ya jana. Lilipokuja toleo jipya la ile programu, simu ya Subilaga, mjane wa ng'ombe mmoja, ikawa inatoa nyekundu kila asubuhi.

Desturi ya pale ni kwamba maziwa yakishukiwa, kijiko kimoja huchemshwa. Yakikatika, yamelala. Yasipokatika, mtu apishwe. Gwakisa hakuchemsha. "Simu haidanganyi, mama," alimwambia mbele ya foleni. "Anayedanganya ni wewe." Akayamwaga barabarani, mbwa wakalamba, na kila asubuhi iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi jina la Subilaga litafutwa, nafasi yake aipate shemeji yake Gwakisa. Na hapakuwa na mnunuzi mwingine. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa sufuria ya nyumba ile.

Lakini desturi ina meno pande zote. Anayemsingizia mwenzake maziwa yaliyolala hukalishwa getini akanyweshwa kikombe cha hayo hayo, na jagi la kummiminia hushikwa na mtu mmoja tu, anayechaguliwa na aliyesingiziwa. Subilaga alikuja na simu yake kwa Lwitiko, akaketi kwenye benchi, akaapa: "Atakayeniondolea aibu hii, jagi ni lake. Mimi nitakaa mbele, nione koo la Gwakisa linavyofanya kazi."

Lwitiko akaifungua simu usiku huohuo, kwa kinyongo, kama mtu anayemfungua Gwakisa mwenyewe. Akagundua: toleo jipya lilikuwa zito, simu ya kizee ikilifungua inazimia, na ikizinduka inaamini ni mwaka ambao ng'ombe wa Subilaga hajazaliwa. Maziwa yaliyoandikwa kwa tarehe hiyo yangekosaje kuwa ya jana? Akatoa kibetri cha saa kwenye simu iliyokufa, akakichomelea humo. Saa ikaenda sawasawa. Nyekundu ikatoweka, ila na kijani haikuja; programu iliganda katikati kama ng'ombe aliyegoma darajani.

Ndipo Tusekile akaleta simu yake, ambayo tangu ainunue hajaikubalia kusasisha chochote. Wenzake walimcheka miaka yote. Mle ndani toleo la zamani lilikuwa limekaa, jepesi, zima. Akalihamisha kwa memori kadi. Simu ya Subilaga ikatoa kijani. Gwakisa alipoletewa habari, alisema wameichezea, na Jumamosi iko palepale.

Jumamosi ikafika, na Ambakisye akafika na simu yake mwenyewe, ya aina ileile ya Subilaga, yenye toleo jipya, ambayo haijaguswa na fundi. Akamsifu Gwakisa hadi watu wakaona haya, akamwomba aandike humo maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, yenye joto bado, ili wafugaji wajifunze. Gwakisa akaandika, kifua mbele. Simu ikazimia, ikazinduka, ikatoa nyekundu.

"Tuyamwage, mzee?" Ambakisye aliuliza kwa upole.

"Wewe, chemsha kwanza!" alifoka Gwakisa.

Ameyasema mwenyewe. Yake yachemshwe; ya mjane yalambwe na mbwa. Hakuna aliyemshika mkono. Alikwenda kwenye kigoda kwa miguu yake.

Hapo ndipo wale watatu walipogombana. Lwitiko alisema bila yeye ile simu ingekuwa bado inaishi mwaka wa shetani. Tusekile akamjibu kuwa saa bila programu ni pambo la ukutani. Ambakisye akasema wote wawili walitengeneza simu, yeye ndiye aliyemtengeneza Gwakisa. Subilaga akalishika jagi, akawatazama, asijue alielekeze wapi. Je, wewe uliyenuna hapo, ungelimkabidhi nani?

Ngoja, usijibu. Kuna kipande nilikiruka, kwa sababu kinaniharibia utamu.

Siku ile Subilaga alipoketi kwenye benchi, alimwambia Lwitiko jambo lingine kwa sauti ya chini. Dumu la kwanza kabisa kumwagwa, lile lililoanzisha yote, lilikuwa la jana kweli. Mvua ilikuwa imemkatia njia jana yake, akaona uchungu kulimwaga. Yaliyofuata yote yalikuwa mabichi, lakini lile moja lilikuwa limelala. Lwitiko alisikia, akaendelea kuchomelea, na mpaka wanagombania jagi hakuwa amemwambia mtu.

Haya, hukumu: jagi alishike nani, na je, Gwakisa anywe?